Waziri Aliyekamatwa Akiwa na Pajama

Zuhura, binti yangu, huyo anayewafundisha kushona pale Mwenge, kanibana kweli niwaandikie nyie wanafunzi wake mambo ya ufundi. Anasema cherehani za umeme mnaziweza, ila mteja akiingia mnaangalia simu. Nimemwambia sawa, nitaandika, lakini mie si mtu wa kupanga mambo kwa foleni. Nitayatoa kama vitambaa vinavyotoka kwenye mkoba: unavuta hiki, kinakuja na kile.

Nimeshona suti za kiume Kinondoni tangu usichana wangu mpaka macho yalipoanza kuona matundu mawili kwenye sindano moja. Sasa nipo Bunju, nafuga kuku, na kazi iliyobaki ni vifungo vya mashati ya wajukuu. Watu wakisikia nilikuwa fundi wa suti huniuliza, "Mama, mtu mkubwa kuliko wote uliyemshonea nani?" Wanasubiri nitaje mwanamuziki. Nawajibu, Waziri Warfa. Wanaingia kwenye simu zao, wanatafuta, hawamwoni, halafu wananitazama kwa huruma kama bibi aliyeanza kuchanganya mambo.

Hawawezi kumwona. Waziri Warfa hakuwa waziri wa hapa. Alikuwa Msomali, na nchi yake ilipopata uhuru yeye alikuwa kijana aliyesoma, enzi ambazo waliosoma walikuwa wachache, basi wakampa unaibu waziri wa mifugo. "Kwenye nchi ya ngamia," aliniambia siku moja, "mifugo ndiyo serikali yenyewe. Wizara nyingine ni mapambo." Baadaye wanajeshi wakapindua, wakamfunga miaka mingi. Alipotoka akakaa kimya, na nchi ilipovunjika kabisa yeye na mkewe wakashuka na pwani mpaka Dar, kwa sababu mkewe alikuwa na kaka mwenye duka la vipuri Kinondoni. Ndivyo waziri alivyokuja kuwa jirani yangu.

Siku ya kwanza aliingia dukani akitanguliwa na mkewe, Bi Hawo. Mwanamke mfupi, mwenye sauti. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu na mwembamba, shingo ndefu, na mikono iliyoning'inia kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Nilivyomwona tu nikajua kitambaa hakitatosha.

"Fundi yupo?" aliuliza.

"Karibuni. Fundi ndiye mie."

Akachungulia nyuma yangu, kwenye pazia la kujaribia nguo, kuhakikisha hakuna mwanamume aliyejificha. Hakukuwa na mtu. Akakohoa.

"Nataka suti ya kuapishwa."

"Unaapishwa lini, mheshimiwa?"

"Bado hawajaniita."

Bi Hawo akavuta kiti akakaa. Alishaizoea hiyo hadithi.

Shida ikaja kwenye vipimo. Mzee yule hakutaka kuguswa na mwanamke asiye mkewe, nami nina dini yangu, nikamwelewa. Hapa niwaambie jambo alilonifundisha Mzee Fonseka, yule Mgoa aliyenipa ufundi: mteja akiona haya, usimlazimishe, msome. Tazama visigino vya viatu vyake. Kilichoisha upande mmoja kitakwambia bega lipi limelala. Mtazame akikaa, utajua suruali itambana wapi. Basi mie nikasimama mbali na chaki yangu, futi ya kupimia nikampa Bi Hawo, nikawa naamrisha. "Panda juu kidogo. Zungusha. Hapo hapo, soma."

Akasoma kifua, akasoma mabega, vizuri tu. Alipofika kiunoni hakuangalia hata futi. Akataja namba bila kusita. Suti ilipokuja kujaribiwa, suruali ikagoma kufunga, mzee akavuta pumzi mpaka macho yakamtoka. Nikamuuliza Bi Hawo namba ile aliipata wapi.

"Kiuno chake nakijua mie," alisema. "Ndicho alichokuja nacho kwenye harusi."

Andikeni hilo ukutani: usichukue vipimo vya mteja kutoka kwa mtu anayempenda.

Suti ile niliipanua, na baada ya hapo nikamshonea nyingine, na nyingine. Kila nchi jirani ilipoitisha mkutano wa kuwapatanisha Wasomali, Waziri alikuja kushona. Alikwenda, akakaa hotelini, akahutubia, akarudi bila chochote zaidi ya sabuni ndogo ndogo za hoteli ambazo Bi Hawo aliwagawia majirani. Sie tuliokaa mtaa ule tulinawa uso kwa sabuni za amani miaka mingi.

Nilimuuliza mara moja kwa nini suti mpya kila safari. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, nimemjaza pini kila mahali, hawezi kujikuna. Fundi akitaka ukweli wa mtu, amuulize wakati huo.

"Walinikamata na pajama," alisema. "Alfajiri. Waliingia nyumbani kwangu, nikaomba nivae, wakakataa. Nikapitishwa mbele ya majirani na pajama ya mistari. Naibu waziri. Gerezani walinizoea kwa jina hilo, Pajama. Fundi, siku nikiitwa tena, watanikuta nimevaa."

Sikucheka. Mdomo wangu ulikuwa na pini, na nisingecheka hata kama usingekuwa nazo.

"Na aliyekukamata?" nilimuuliza nilipozitema.

"Kijana mmoja, afisa. Baadaye akawa kanali. Anaitwa Jibril. Mungu anamjua."

Mungu alimjua, na mie pia. Kanali Jibril alikuwa mteja wangu. Naye alikimbia nchi ilipovunjika, naye alikuwa na ndugu Kinondoni, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili tu. Mnene, mpole, anatembea taratibu kama anahofia kuamsha mtu. Alipenda suti za mikono mifupi zenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na peremende. Wazee hao wawili waliswali msikiti mmoja, mmoja mwisho wa kulia, mwingine mwisho wa kushoto, na imamu akitoa salamu kila mmoja aligeuza shingo upande wa mwenzake haraka haraka ili asimwone.

Ningefanyaje? Mzee Fonseka alikuwa akisema fundi hubana pini kwa midomo ili asipate nafasi ya kusema. Nikanyamaza, nikapanga siku. Waziri aje Jumanne, Kanali aje Alhamisi. Nilikwenda hivyo miaka, na nilijiona nina akili kuliko mikutano yote ya amani.

Sasa ukaitishwa mkutano mkubwa kuliko ile ya nyuma. Safari hii walialikwa wote wawili, kila mmoja kwa upande wa watu wake, kwa hiyo kila mmoja akataka nguo mpya wiki moja na mwenzake. Na wiki ile ikaingia Idi. Nilifunga duka, siku zangu zikavurugika, nikamwambia Waziri aje Jumatano. Kanali naye akajihesabia peke yake kwamba kama sikukuu imekula siku, basi na yeye aje Jumatano.

Waziri alikuwa ndani ya koti la kujaribia. Nyie mliozoea kupeleka nguo mashineni moja kwa moja, nisikilizeni: koti la suti halianzi na cherehani. Unalishika kwanza kwa bandi, ule mshono wa mkono wa kushikiza, mrefu mrefu, uzi mweupe, ili mteja alivae na wewe uone pa kurekebisha. Bandi ni mshono wa kuomba radhi. Mtu aliyevaa koti la bandi anatakiwa asimame kama sanamu.

Bi Hawo alikuwa kwenye kiti chake. Pazia la mlangoni likafunguka, akaingia Kanali na salamu. Ikaishia katikati.

Nilitaka kusema jambo, nikakumbuka mdomo umejaa pini.

Waziri akaanza kwa Kisomali. Sikijui, lakini hasira haihitaji mkalimani. Hata hivyo mkalimani nilikuwa naye. Bi Hawo aliniinamia, akanitafsiria pale pale kama mtu anayemsimulia jirani sinema.

"Anasema, wewe ndiye uliyenitoa na pajama mbele ya watu. Anasema, ulinikatalia kuvaa."

Kanali akajibu, taratibu, mikono kifuani.

"Huyu anasema, nilikwambia uvae. Ukasema waziri havai kwa amri ya askari."

Waziri akapaza sauti. Akanyoosha mkono wa kulia juu kabisa kumshuhudisha Mungu, na bandi zote za begani zikaachia kwa pamoja. Mkono wa koti ukateremka ukatoka kwenye kiganja chake, ukaanguka miguuni kwa Kanali. Waziri akabaki ananyooshea dari mkono wa shati.

Kanali akainama, kwa shida maana tumbo lilimzuia, akaokota ule mkono, akaukung'uta vumbi, akamnyooshea mwenzake kwa mikono miwili. Alikuwa amekaza midomo. Mashavu yakaanza kutetemeka.

"Asicheke," Waziri alisema, safari hii kwa Kiswahili, akiniangalia mie kama jaji. "Mwambie huyu asicheke."

Bi Hawo akasimama.

"Mie nilikuwepo asubuhi ile," alisema, naye kwa Kiswahili, nadhani ili na mie nisikie. "Nyie wote wawili waongo. Hakuna aliyekataza mtu kuvaa, na hakuna aliyekataa kuvaa kwa ushujaa. Baba Idil, ulifungua kabati, suti haikuwemo. Ilikuwa kwa dobi. Zote zilikuwa kwa dobi, na dobi alikuwa hajafungua."

Waziri akakaa kwenye stuli yangu ya kupigia pasi, na koti lake la mkono mmoja.

"Kwa dobi," alisema.

"Nikamwambia huyu kijana asubiri dobi afungue. Akasema hana amri ya kusubiri dobi."

"Sikuwa nayo," alisema Kanali. "Kweli sikuwa nayo."

Msidhani basi wakakumbatiana. Jela si jambo la mzaha, na Waziri alimwambia hivyo, taratibu sasa. Alimwambia mtoto wake wa kwanza, Idil, alijifunza kutembea yeye yuko ndani. Kanali alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema naye alifungwa. Wanajeshi walikuja kumshuku mwenzao, wakamweka gereza lile lile, tena upande ule ule wa magharibi.

"Chumba kipi?" aliuliza Waziri.

"Cha mwisho. Paa linavuja kwenye kona ya mlango."

"Kona ya dirisha."

"Ya mlango."

"Wakati wangu lilivuja kwenye dirisha."

"Basi walilitengeneza likahamia."

Wakabishana juu ya lile tundu la paa mpaka nikaenda kununua chai. Niliporudi, Kanali alikuwa ameshatoa peremende mfukoni na Waziri alikuwa anaimumunya huku bado amekasirika.

Walisafiri pamoja kwenda kwenye mkutano. Huko, baada ya kuzungushana sana, ikaundwa serikali ya mpito, na Waziri Warfa akapewa wizara kamili ya mifugo. Bi Hawo alikuja dukani kunipa habari, hakucheka wala hakulia. "Anakwenda nyumbani kuwa waziri," alisema. "Amekataa walinzi wote aliopewa. Amemchagua Jibril. Anasema, huyu angalau najua anavyokamata."

Kwa miezi kadhaa sikuwaona. Siku moja Waziri akarejea, akaja dukani na koti langu limefungwa kwenye gazeti. Pindo la nyuma lilikuwa limenyofoka, kipande kikubwa, na bitana ya ndani inaning'inia.

"Risasi," alisema.

Habari ikaenea mtaani kabla sijatunga uzi. Vijana wakampisha njiani, muuza kahawa akamletea kikombe bila kuulizwa. Mie nilikaa na lile pindo mapajani. Kitambaa kilikuwa kimelowa kikakauka, na nyuzi zake zilikuwa zimetafunwa. Nikatazama juu, Kanali alikuwa amesimama mlangoni, anamsubiri mwenzake apotee kwenye kona.

"Mbuzi," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anakagua mnada. Alizungumza na wafugaji kwa muda mrefu, mbuzi akachoka kusikiliza."

Nikafuma pindo lile kwa uangalifu, na mtaani nikasema risasi. Heshima ya mteja ni sehemu ya bitana.

Lakini kicheko hicho kilikuwa kifupi. Ile serikali ilikuwa imegawanyika, wizara ya mifugo akapewa mtu mwingine, na Waziri alizisikia habari hizo kwenye redio, yuko kwenye gari, njiani kwenda kazini. Ndiyo maana alirudi. Baada ya wiki ya ushujaa akaacha kutoka nyumbani. Bi Hawo akawa anakuja dukani peke yake, anakaa kwenye kiti chake bila nguo ya kushona.

"Hali chochote," aliniambia. "Namwekea chakula, anakitazama kama risala. Mie nimemzoea akiwa amefungwa na wengine. Akijifunga mwenyewe simuwezi."

Wakati huo mtaa wetu ulikuwa na kilio cha bomba. Maji yalikuwa yanatoka pale penye bomba la pamoja kwa saa chache, na kila siku ndoo zilipigana. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amehama, kwa hiyo mtendaji wa mtaa akaitisha mkutano wa kuchagua mwingine, Jumapili asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Bi Hawo akaenda kumwandikisha mumewe bila kumuuliza. Mtu mmoja akahoji, huyu si mgeni?

Mtendaji akafikiri. "Anakunywa maji ya bomba hili?"

"Anakunywa."

"Basi anafaa."

Waziri alipopata habari alinuna, halafu akaomba suti ipigwe pasi.

Mpinzani wake alikuwa Mama Rozi, muuza vitumbua, mama wa Kichaga mwenye kanga mbili na maneno machache. Mkutano ulipoanza, Waziri akapewa nafasi ya kwanza. Akahutubia. Wanangu, ilikuwa hotuba. Alianza na uhuru wa Afrika, akapita kwenye wajibu wa dola, akaja mpaka kwenye maji kama msingi wa utu. Kanali alitikisa kichwa kukubali kila baada ya sentensi. Kisha kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Sasa bomba litafunguliwa saa ngapi?"

"Nitaunda tume," alisema Waziri.

Akasimama Mama Rozi. "Saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye ndoo moja anapita kwanza. Ufunguo nakaa nao mie." Akakaa.

Kura zilikuwa za kujipanga nyuma ya unayemtaka. Nyuma ya Waziri alisimama Kanali, akafuata Bi Hawo, nikafuata mie, wakaja waswali wenzake wachache na yule muuza kahawa. Mstari wa Mama Rozi ulizunguka goli la mpira. Mtendaji hakuhitaji hata kuhesabu, ila alihesabu kwa adabu, akatangaza.

Nilimwona Bi Hawo akishika ncha ya mtandio wake na kutazama geti la shule. Sikumwelewa kwanza. Halafu nikaelewa: katika maisha ya mama yule, mumewe alipoondolewa madarakani mara ya kwanza, watu waliingia kupitia mlango wakamchukua. Kanali naye alikuwa anatazama geti lile lile.

Waziri alivuka uwanja. Akamfikia Mama Rozi, akampa mkono.

"Hongera, mwenyekiti."

"Asante, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Akamgeukia mtendaji. "Sasa kinafuata nini?"

"Kinafuata nini, mzee? Tumemaliza. Watu waende nyumbani."

"Wote?"

"Wote."

"Na mimi?"

Mtendaji alimtazama kana kwamba mzee wa watu amepigwa na jua. "Na wewe, mzee. Chakula si kinapoa."

Tulikwenda kwao sote, mie, Kanali na hao waswali. Bi Hawo alikuwa amepika wali na nyama ya mbuzi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Waziri alikula. Alikula na koti mwilini, akaongezewa, akaongezewa tena, mpaka nikaanza kuhofia mshono wa kiuno. Kisha akauweka mkono ukingoni mwa sinia.

"Fundi," aliniambia, "nimepinduliwa, nimefungwa, nimefukuzwa kwa redio. Kushindwa tu, hivi hivi, halafu nikaja kula wali nyumbani kwangu, hii ni mara ya kwanza."

Kanali akampasulia pande la nyama, akamwekea upande wake.

Kesho yake nilikwenda kuteka maji alfajiri. Nikamkuta Waziri ameshafika, amesimama mbele ya bomba na suti yake, anatazama saa, na Mama Rozi ndiyo kwanza anakuja mbio na ufunguo.

"Umechelewa, mwenyekiti," alimwambia. "Nataka maelezo."

"Mzee, wewe si jana umeshindwa?"

"Ndiyo," alisema Waziri Warfa. "Ndiyo maana nauliza."